Kabla hujaagiza jostiki, andika kwanza gemu unazocheza kweli

Watu wakianza kuongelea kujenga kabati la gemu nyumbani, zile mashine za kusimama nazo kama za zamani za kutumbukiza sarafu, mazungumzo yote yanaishia kwenye skrini na kompyuta itakayokaa ndani. Vidhibiti vinakuja mwisho kabisa, "ah hizo ntaagiza tu jostiki mbili na batani za rangi rangi". Mi naona hapo ndo mambo yamegeuzwa miguu juu kichwa chini. Skrini yoyote iliyolala stoo itakuonyesha Pac-Man vizuri tu, na kakompyuta kadogo ka siku hizi kanaendesha gemu za mwanzoni mwa miaka ya 80 huku kanasinzia, lakini paneli, yaani ule ubao unaobeba jostiki na batani, ndo kitu ambacho mkono wako haubanduki muda wote unaocheza, na paneli ikiwa mbovu utacheza wiki ya kwanza kwa sababu ya upya wake halafu kabati linageuka sehemu ya kuwekea funguo.

Kwa hiyo kabla hujafungua duka lolote la mtandaoni chukua karatasi uandike gemu unazocheza. Sio unazotamani watu waone unazo, unazocheza. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine za zamani, kama MAME ambayo ipo tangu 1997, inakupa maelfu ya gemu na hapo ndo watu wanapotea maboya, wanataka paneli moja icheze kila kitu, unakuta mtu kaweka jostiki nne, trakboli (mpira wa kuviringisha kwa kiganja) katikati, spina (kidude cha kuzungusha) pembeni, batani hazihesabiki, paneli pana kama kitanda, na mgeni akija anasimama mbele yake hajui hata aanzie wapi.

Shida ni kwamba zamani kila gemu ilikuja na vidhibiti vyake. Asteroids ya 1979 haina jostiki kabisa, ni batani tano, kugeuka kushoto, kugeuka kulia, kusukuma, kupiga na kutoweka. Missile Command ya 1980 ni trakboli, Centipede nayo vilevile. Tempest ya 1981 ni spina. Galaga inataka kushoto na kulia tu. Robotron: 2084 ya 1982 ina jostiki mbili kwa mchezaji mmoja, moja ya kutembea nyingine ya kupiga risasi, batani ya kupigia hakuna. Q*bert ndo kichekesho zaidi, jostiki imefungwa kwa mshazari kwa sababu jamaa anaruka kwenye ngazi za piramidi na hana juu wala chini ya kawaida. Halafu ikaja Street Fighter II mwaka 1991 na batani zake sita, ngumi tatu mateke matatu, na tangu hapo kichwani mwa watu wengi mashine ya gemu ni jostiki moja na batani sita, basi.

Na kiukweli kwa nyumba nyingi hiyo inatosha. Msimamo wangu ni huu: jostiki moja kwa kila mchezaji, batani sita kama unacheza gemu za kupigana, nne kama huchezi, batani za kuanzia, batani ya sarafu, umemaliza. Ukiwa kweli unaipenda Centipede tengeneza paneli ya pili ya kubadilisha, ntarudi huko.

Sasa kitu ambacho wauzaji wa seti za jostiki na batani hawakwambii na ndicho kitakachokuudhi kuliko vyote ni njia nne na njia nane. Chini ya jostiki ya kawaida kuna maikroswichi nne, moja kwa kila upande. Kwenye jostiki ya njia nane ukisukuma mshazari zinabonyezwa mbili kwa pamoja, na kwenye gemu ya kupigana hiyo ndo raha yenyewe, bila mshazari huruki mbele. Ila Pac-Man mshazari haujui, dunia yake ina njia nne tu. Unashuka kwenye kichochoro, unataka kukata kushoto, mkono unateleza kidogo tu swichi ya chini inabaki imebonyezwa pamoja na ya kushoto, gemu inapata amri mbili kwa wakati mmoja, unaipita kona na mzimu uko mgongoni. Mtu anasema "siku hizi nimezeeka sina mkono", kumbe mkono uko poa, jostiki ndo siyo. Donkey Kong hivyohivyo, unataka kupanda ngazi jamaa anasimama pale chini anakuangalia.

Dawa iko kwenye geti, kile kibao cha plastiki kinachokaa chini ya jostiki na kuzuia mti wake usipite mpaka fulani. Kuna geti la mraba, la pembe nane, la duara. Sanwa JLF, ambayo ni ya Kijapani na ndo jostiki utakayoisikia ikitajwa kila mahali, inakuja na geti la mraba ambalo ukiligeuza likakaa kama almasi mishazari inajifunga na unabaki na njia nne. Safi, ila kufanya hivyo lazima uingize mkono chini ya paneli, kwa hiyo kama paneli umeipigilia misumari milele pole. Weka bawaba nyuma, mbele weka lachi, paneli ifunguke kama boneti. Usiruke hatua hiyo hata kama huna mpango wa kugeuza geti, maana waya utakuja kuchomoka tu siku moja.

Kama hutaki kufungua fungua, Ultimarc wa Uingereza wana jostiki inaitwa Mag-Stik Plus ambayo unaivuta juu na kuizungusha inabadilika hapohapo, na wana nyingine, ServoStik, ina kamota kadogo kanazungusha geti lenyewe kulingana na gemu uliyofungua. Ya pili mi naiona ni anasa lakini sitamcheka mtu aliyeinunua, ni kitu kizuri kukiangalia kikifanya kazi.

Tukija kwenye ladha, kuna kambi mbili na watu wanagombana kweli kweli. Kambi ya Kijapani ni Sanwa na Seimitsu, jostiki fupi yenye kichwa cha mpira, nyepesi, batani zinazohisi kidole kabla hata hujaamua kubonyeza. Ukiwa na tabia ya kupumzisha vidole juu ya batani, Sanwa itakupigia ngumi ambazo hukuagiza, hapo Seimitsu inakufaa zaidi maana ina ugumu kidogo. Kambi ya Kimarekani ni mtindo wa Happ, kuna na iL wa Uhispania wanaotengeneza za aina hiyohiyo, jostiki ndefu nene yenye kichwa cha kirungu, springi ngumu, swichi zinalia tak tak chumba kizima kinakusikia. Hizi zimetengenezwa kuvumilia vijana wenye hasira. Kwa gemu za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 80 mi nachukua Happ bila kufikiri, kwa gemu za kupigana na za risasi nyingi nachukua Kijapani. Kama nyumbani kuna watoto wanaoning'inia kwenye jostiki, Happ, mjadala umefungwa.

Ila sio ladha peke yake, kuna suala la ubao, na hili ndo linaamua zaidi ya watu wanavyodhani. Vifaa vya Kijapani vilitengenezewa paneli za chuma chembamba. Ukichukua JLF ukaifunga chini ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, ubao unameza mti wa jostiki, juu kinabaki kishina kifupi na kampira juu yake. Inabidi uchonge shimo kwa chini kwa ruta, ile mashine ya kuchonga mbao, ubao ubaki kama milimita 6 hivi pale jostiki inapokaa, ndo mti utoke vizuri. Na batani zao ziko za aina mbili: OBSF-30 ni ya kusukumiza, ina vile vikucha vya plastiki pembeni vinavyong'ata chuma, kwenye ubao mnene vikucha havina cha kung'ata batani inakaa kwa imani tu, halafu kuna OBSN-30 ambayo ina nati ya kukaza kwa chini, ingawa nayo shingo yake sio ndefu. Batani za Happ kinyume chake, shingo ndefu, nati kubwa, ziliumbwa kwa ajili ya ubao mnene.

Na matundu hayalingani! Kijapani ni milimita 30 kwa batani za kucheza na 24 kwa batani ndogo za kuanzia. Kimarekani ni inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28 na nusu na kidogo. Ukitoboa 28 ukataka kuhamia Sanwa utapanua kwa msasa na kulaani, ukitoboa 30 ukaweka za Kimarekani zinacheza cheza mpaka ukaze nati vizuri. Kwa hiyo batani ziwe mkononi kabla drili haijawaka, kipimo cha kwenye tangazo sio cha kuaminika kihivyo, hasa kwa zile seti za bei nafuu zisizo na jina.

Kutoboa kwenyewe: tumia biti ya Forstner, inatoa tundu safi lenye ukingo laini. Ile biti ya kikombe yenye meno inafanya kazi lakini inang'oa vipande kwenye plaiwudi. Chini ya ubao wako bana ubao mwingine wa kutupa, ubane kabisa na klampu, ili biti ikitokea upande wa pili isichane. Akriliki ya kufunikia juu ni kiherehere, inapasuka ukiilazimisha, polikabonati ndo mvumilivu. Ukilazimika kutoboa akriliki ibane katikati ya mbao mbili au tumia biti ya ngazi, na drili iende taratibu, plastiki ikipata moto inayeyuka na kuganda kwenye biti.

Mpangilio wa batani usibuni kutoka hewani. Mipangilio ya makabati ya Kijapani, kama ya Astro City ya Sega na Vewlix ya Taito, ipo tele mtandaoni imechorwa kwa vipimo kamili, unaprinti kwa ukubwa wa asilimia 100 (kagua kwa rula, printa zinapenda kupunguza kimyakimya), unabandika kwenye boksi la kadibodi unatoboa matundu unaweka batani zako unacheza hewani dakika kadhaa. Utagundua kwa nini safu haijanyooka: kidole cha kati ni kirefu, cha pete kinafuata, kwa hiyo batani ya kwanza inashuka kidogo na zingine zinapanda. Mstari ulionyooka unapendeza kwenye picha tu, kiganja kitakwambia ukweli. Kwa wachezaji wawili wape upana, watu wazima wawili wakisimama bega kwa bega kwenye paneli ya sentimita 60 wanaanza kupigana viwiko kabla ya gemu. Na ukingo wa mbele uviringishe, mikono inalala pale saa nzima, kona kali ya MDF inakata.

Haya, umeme. Hapa watu wanaogopa bure, ni volti 5 za USB, hazikufanyi kitu. Kila batani ni swichi tu, nyaya mbili, ukibonyeza zinagusana. Kinachohitajika ni bodi ndogo ya kati ya kuiambia kompyuta nini kimebonyezwa, yaani enkoda. Zamani watu walikuwa wanachuna kibodi ya kompyuta na kuunga nyaya kwenye sakiti yake, na bado kuna wanaoshauri hivyo kwa sababu ni bure. Usijisumbue. Kibodi za kawaida vitufe vyake vimepangwa kwa gridi ya safu na nguzo, ukibonyeza vitatu vinavyounda pembe za mraba kibodi haiwezi kujua kama cha nne kimebonyezwa au la, basi ama inatuma kitufe cha mzuka ama inakataa kutuma kabisa. Mtu mmoja anacheza fresh, wakija wawili mmoja anaanza kulalamika batani yake haishiki, na hasingizii.

Enkoda za bei rahisi zinazoitwa Zero Delay ndo zimejaa kwenye seti. Moja kwa mchezaji mmoja, kompyuta inaiona kama pedi ya kuchezea gemu, kila batani ina plagi yake ya nyaya mbili, jostiki ya JLF ina soketi yake ya pini tano, unachomeka tu hata mtoto anaweza. Ubaya wake unajitokeza ukiwa nazo mbili: zinafanana kila kitu, kompyuta haijui ipi ni ipi, unawasha siku nyingine mchezaji wa kwanza kawa wa pili. Mi nikiwa na uwezo nachukua I-PAC ya Ultimarc, bodi moja kwa wote wawili, inajitambulisha kama kibodi na vitufe vyake tayari vinalingana na vile MAME inavyotarajia tangu mwanzo, tano ni sarafu, moja ni kuanza. Halafu ina ujanja mzuri, batani ya kuanza ya mchezaji wa kwanza ukiishikilia inageuza kazi ya zingine, ukibonyeza kuanza 1 na kuanza 2 pamoja ni kutoka kwenye gemu. Kwa hiyo huhitaji kuijaza paneli batani za kutoka, kusimamisha na menyu, ambazo lazima kuna mtu atazibonyeza bosi wa mwisho akiwa amebakiza kidogo kufa.

Kuhusu ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na kuona kwenye skrini, watu wanahangaika nao sana kuliko unavyostahili. USB ya kawaida inaulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8, nzuri zaidi mara 1000. Gemu nyingi za aina hii zinachora picha kama 60 kwa sekunde, picha moja ni milisekunde 16 na kitu. Ukihisi mkono na skrini haviendani angalia kwanza televisheni yako, weka modi ya gemu, zima ile mapambo yote ya kulainisha picha, ndo urudi kuisingizia enkoda.

Waya wa graundi upite kwenye batani zote kama shanga, kutoka moja kwenda nyingine mpaka kwenye bodi, kisha kila batani ina waya wake mmoja wa ishara. Tumia viunganishi vya kubana sio kulehemu, siku ya kubadilisha batani unachomoa tu. Na hapa napo angalia kipimo, ndimi za swichi za Happ ni pana, milimita 4.8, za batani za Sanwa ni 2.8, ukinunua pakiti isiyo yake haiingii au inaingia na kupwaya. Kitu kimoja kinachochanganya kila fundi mpya: kwenye jostiki yenye swichi nne za kuunga mwenyewe, ukisukuma kulia inabonyezwa swichi iliyoko kushoto, kwa sababu mti unapinda kwenye kati yake, juu unaenda huku chini unaenda kule. Kwa hiyo waya wa "kulia" unaenda swichi ya kushoto, wa "juu" unaenda swichi ya upande wako. Kama umetumia I-PAC fungua programu yoyote ya kuandikia, bonyeza batani moja moja uone herufi zinavyotoka, sukuma jostiki uone kishale cha kuandikia kinaelekea wapi. Dakika tano hizo zinakuokoa kubishana na mipangilio ya emuleta usiku kucha.

Kununua paneli iliyokamilika nako sio dhambi. X-Arcade ya Xgaming ipo miaka mingi, Tankstick yao ina wachezaji wawili na trakboli kwenye boksi moja zito, unaiweka juu ya kabati hata juu ya meza. Unachopoteza ni uchaguzi, jostiki ni ya mtindo wao, mpangilio ni wao. Seti za bei chee za batani na jostiki nazo kwa kuanzia sina neno, batani zake zinadumu vya kutosha, jostiki ndo inachoka mapema, springi inalegea na mti unapwaya ukiwa katikati. Kwa hiyo kama hela ni ya mawazo, nunua batani za kawaida, hela ipeleke kwenye jostiki na enkoda. Taa za ndani ya batani ziwe za mwisho kabisa kwenye orodha, kila taa ni nyaya mbili zaidi na gizani unaangalia skrini sio vidole.

Na ile paneli ya pili. Kama umetumia bawaba za kuchomoka na plagi moja ya USB, kubadilisha paneli ni kazi ya dakika. Trakboli za makabati zipo za inchi 2 na robo na za inchi 3, ile kubwa inakaa mkononi vizuri zaidi na ina uzito wa kuendelea kuzunguka ukiiachia, ila inataka nafasi chini ya ubao, pima kina kabla hujakata. Kompyuta inaiona kama kipanya, kwa hiyo kwenye MAME lazima uwashe kipanya kwenye mipangilio ndo ishike. Spina nayo ni kipanya cha upande mmoja tu. Batani weka pande zote mbili za mpira, kushoto na kulia, kuna watu wa mkono wa kushoto nyumbani humu na shemeji yangu ni mmoja wao, na kwenye Centipede mi simuwezi.